Majina Yaliyokosekana: Kutafuta na Kuhifadhi Historia ya Familia

Mada iliyotolewa kwa wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na vijana wakati wa maandalizi ya Jubilei ya miaka 100 ya usharika

UTANGULIZI



Usharika unapotimiza miaka 100, swali la kwanza huwa ni hili: ni nani walioanza? Kamati ya jubilei hutafuta majina ya wamisionari, ya wachungaji, ya wainjilisti na ya walimu wa kwanza, na kwa kawaida huyapata, kwa sababu watu hao waliandika na wakaandikwa. Lakini usharika ulijengwa pia na familia. Wapo waliobeba mawe ya msingi vichwani kutoka mtoni. Wapo waliotoa mikungu ya ndizi na debe la kahawa kama sadaka. Wapo akina mama waliowapeleka watoto wao kwenye mafundisho huku majirani wakiwacheka. Majina ya hao hayakuchongwa katika jiwe la msingi. Yamo, kama bado yapo, katika vinywa vya wazee, katika vitabu vya ubatizo, katika masanduku yaliyo chini ya vitanda na katika makaburi yaliyo ndani ya vihamba.

Kusudi la mada hii ni kuonyesha jinsi familia ya Kikristo hapa Kilimanjaro inavyoweza kuitafuta historia yake, kuiandika na kuihifadhi. Jambo moja litasisitizwa tangu mwanzo hadi mwisho: historia ya familia iandikwe yote, pamoja na wale ambao vitabu havikuwataja.

1. MSINGI WA NENO LA MUNGU

Biblia haioni haya kuhesabu majina. Katika Yoshua sura ya 4, mawe kumi na mawili yalitolewa katikati ya Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Mpango ule ulitegemea mambo mawili: jiwe linaloonekana, na mzazi anayejua kueleza. Jiwe likibaki bila mwenye kueleza, watoto huona jiwe tu.

Katika Ezra sura ya 2 imesimuliwa habari ya waliorudi kutoka uhamishoni. Baadhi ya jamaa za makuhani walizitafuta orodha za nasaba yao na hawakuonekana humo. Kwa sababu hiyo walizuiwa kuutumikia ukuhani. Huenda walikuwa makuhani kweli. Lakini karatasi haikuwapo, na watu waliteseka kwa ajili ya karatasi iliyopotea. Jambo hilo halijapita. Kwa wazee wengi cheti cha ubatizo ndicho andiko la zamani kuliko yote linaloonyesha tarehe yao ya kuzaliwa na majina ya wazazi wao, na wengi wamekihitaji walipoomba cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa.

Mathayo naye anaanza Injili yake kwa ukoo wa Yesu, na katikati ya majina ya wanaume anawaweka Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria. Mwandishi aliyetaka ukoo safi wa kupendeza machoni pa watu angewaruka wanawake hao, kwa kuwa kila mmoja anakumbusha jambo ambalo familia ingependa kulinyamazia. Mathayo hakuwaruka.

Hata hivyo Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo, anaonya juu ya nasaba zisizo na mwisho ziletazo maswali tu. Onyo hilo ni la kuzingatiwa. Anayetafuta ukoo ili ajitukuze juu ya jirani, au ili apate silaha ya kesi ya mpaka, amekwisha kupotea kabla hajaanza.

2. KUANZA NA WALIO HAI

Kitabu cha ubatizo kinaweza kusubiri mwaka mmoja. Mzee wa miaka 90 hawezi kuahidiwa mwaka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila familia ni kumsikiliza aliye mkongwe kuliko wote, na hasa shangazi na bibi, kwa maana wao ndio waliokaa jikoni na katika misiba, mahali ambapo habari za ukoo husemwa bila kupambwa.

Mwezi wa Desemba, wana wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, ndio wakati mwafaka. Badala ya kumwuliza mzee katikati ya kelele za sikukuu, inafaa mjukuu mmoja au wawili wamwendee asubuhi, akiwa amepumzika, na waketi naye kwa muda usiozidi saa moja. Kesho yake warudi. Mzee huyakumbuka mengi usiku baada ya wageni kuondoka.

Mzee aulizwe kwa lugha aliyokulia. Aliyezoea Kimachame, Kivunjo au Kirombo akilazimishwa kusimulia kwa Kiswahili hutoa nusu ya habari, na majina ya mahali na ya undugu hupoteza maana. Sauti irekodiwe kwa simu, kwa idhini yake; tafsiri itafanywa baadaye. Mwanzoni mwa kila rekodi msikilizaji atamke tarehe, mahali, jina la mzee na jina lake mwenyewe. Rekodi isiyotajwa mwenyewe, baada ya miaka 20, ni sauti ya mtu asiyejulikana.

Mzee asiulizwe kwanza, "Ilikuwa mwaka gani?" Aulizwe, "Wakati huo mlikuwa mmekwisha kuhamia nyumba hii? Aliyekubatiza alikuwa nani? Ulikuwa rika moja na nani?" Kisha matukio yanayojulikana yatumike kama vigingi vya kupimia. Kwa habari alizozishuhudia mwenyewe, mzee wa leo anaweza kukumbuka kusimikwa kwa Mangi Mkuu mwaka 1952, Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967 au Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Kwa habari alizozipokea kwa wazazi na babu zake, vigingi ni vya nyuma zaidi: sotoka iliyomaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kunyongwa kwa Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, reli kufika Moshi mwaka 1911, Vita ya Kwanza ya 1914 hadi 1918 na ugonjwa wa mafua uliofuata, na kuanzishwa kwa KNCU mwaka 1933. Mzee akisema, "Mama alikuwa mjamzito reli ilipofika," amekwisha kutoa tarehe.

Majina nayo husema. Kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo jina la kinyumbani la mtoto wa pili laweza kumwelekeza mtafutaji kwenye ukoo wa mama, ukoo ambao mara nyingi haumo katika orodha. Kwa sababu hiyo kila mtu aandikwe kwa majina yake yote: la kinyumbani, la ubatizo, na lile ambalo watu walimwita. Aikaruwa wa nyumbani anaweza kuwa Maria wa kitabuni, na asiyejua hilo atawahesabu kuwa watu wawili.

Mwisho, wazee wawili wakitofautiana, habari zote mbili ziandikwe, kila moja chini ya jina la msemaji. Si kazi ya mjukuu kuamua kesi papo hapo.

3. VITABU VYA USHARIKA

Baada ya wazee, mtafutaji na aende katika ofisi ya usharika. Humo mna kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha mazishi, orodha ya washarika, pamoja na mihtasari ya vikao vya baraza la wazee. Kitabu cha ubatizo hutaja siku ya kuzaliwa na ya kubatizwa, wazazi, wadhamini na aliyebatiza. Watafutaji wengi husoma majina ya wazazi na kufunga kitabu. Inafaa wadhamini pia wanakiliwe, kwa kuwa mara nyingi walikuwa ndugu wa mama au majirani wa karibu, na kwa njia yao familia iliyopotea huonekana tena.

Vitabu vya kale vina matatizo yake. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Kale mwaka 1896, nao waliandika kwa Kijerumani, tena kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kufundishwa. Maneno machache yatamsaidia mtafutaji: "geboren" ni aliyezaliwa, "getauft" ni aliyebatizwa, "getraut" ni waliofungishwa ndoa, na "gestorben" ni aliyefariki. Majina yaliandikwa kama sikio la Mjerumani lilivyoyasikia: Machame ikawa "Madschame", Moshi ikawa "Moschi", na Wachagga wakawa "Dschagga". Kwa hiyo asiyeliona jina la babu yake chini ya herufi aliyoizoea alitafute chini ya D, S au T, na alitamke kwa sauti. Mara nyingi sikio hulitambua jina ambalo jicho limelipita.

Mtafutaji asishangae akikuta mapengo. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, nao hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo walimu na wazee Waafrika ndio walioshikilia sharika, wakisaidiwa na Waluteri wa Sinodi ya Augustana ya Marekani. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 mambo yalijirudia. Mwandiko unapobadilika katika kitabu, na lugha inapohama kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili, hapo pana historia ya kanisa zima. Inafaa aulizwe: mwandiko huu ni wa nani? Mara nyingine ni wa mwalimu ambaye wajukuu zake wameketi kanisani kila Jumapili bila kujua kwamba ni babu yao aliyeandika.

Aidha, usharika wa leo huenda ulikuwa mtaa wa usharika mwingine. Kama jina halipo katika vitabu vya hapa, litafutwe katika vitabu vya usharika mama. Utaratibu ni kuomba kwa mchungaji kiongozi, kusoma vitabu ofisini mbele ya mhusika, na kunakili kwa kalamu ya risasi. Kitabu cha ubatizo hakiazimwi kwenda nyumbani, hata kwa mzee wa kanisa.

4. KIHAMBA, KABURI NA SANDUKU

Ardhi yenyewe ni kitabu. Kihamba hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kwa desturi mtoto wa mwisho hubaki katika nyumba ya baba, naye wa kwanza hutafutiwa mahali pake. Mtu akitembea na mzee kutoka kihamba hadi kihamba, akiuliza ni nani aligawiwa hapa na nani alihamia kule, atapata mti wa ukoo uliochorwa ardhini. Pale ambapo hakuna kaburi la saruji wala msalaba, isale lililopandwa laweza kuwa alama pekee ya mpaka au ya mahali alipolazwa mtu. Kabla ya migomba kung'olewa na nyumba mpya kujengwa, alama hizo zipigwe picha na kuchorwa katika ramani ndogo ya mkono.

Ndani ya nyumba kuna sanduku. Humo hukutwa stakabadhi za kodi, vyeti vya shule, kadi ya chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, barua kutoka kwa aliyekwenda kufanya kazi Tanga au Nairobi, karatasi ya aliyeachishwa uaskari baada ya Vita ya Pili, kitabu cha nyimbo chenye tarehe za kuzaliwa watoto katika ukurasa wa mwisho. Baada ya mazishi watu hufagia nyumba, na vitu hivi huchomwa pamoja na takataka. Inashauriwa kwamba matanga yanapoisha, ukoo umteue mtu mmoja kuyapitia makaratasi ya marehemu kabla ya lolote kutupwa.

5. MAKTABA NA HIFADHI ZA NYARAKA

Kwa anayetaka kwenda mbele zaidi, milango ipo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Mtafutaji ajiandae na barua ya utambulisho, na ajue kwanza wilaya na miaka anayoitafuta. Sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina vitabu na magazeti ya kale. Miongoni mwa magazeti hayo ya zamani ni Pwani na Bara, lililoanzishwa na misheni za Kiinjili mwaka 1910, na Komkya la Wachagga la miaka ya 1950. Nyaraka za Misheni ya Leipzig zimehifadhiwa katika Taasisi za Francke mjini Halle, Ujerumani.

Wapo pia waliotangulia kuandika. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, aliandika kwa Kijerumani habari nyingi za sheria na mafundisho ya Wachagga, akiuthamini ukoo, ujirani na rika kuwa vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu alijaza madaftari ya historia ya himaya za Kichagga, na Kathleen Stahl aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1964. Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Vitabu hivi husaidia kuelewa desturi na majina ya mahali. Asitarajie mtu kumkuta humo bibi yake. Vingi vinahusu watawala.

Picha zinastahili neno la pekee. Picha nyingi za kale za Misheni ya Leipzig zinapatikana sasa katika intaneti, kupitia maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California. Mara nyingi maelezo ya picha hutaja kituo na jina la mmisionari, na watu wengine huitwa tu "mwalimu na mkewe" au "wanafunzi". Kijana mwenye simu aweza kuzitafuta za eneo lake, akazichapisha kwa ukubwa wa kutosha macho ya mzee, na kuzipeleka nyumbani kwake. Zikikosa kutambuliwa na wazee waliopo, hakuna atakayezitambua tena.

6. WALE AMBAO HAWAKUANDIKWA

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Kitabu cha usharika ni shahidi mwaminifu wa kile alichokiona aliyekiandika. Hakikukusudiwa kuandika kila mtu. Katika ukurasa wa waliobatizwa wakiwa watu wazima, mtafutaji aweza kukuta safu ya wazazi ina neno moja tu: wapagani. Mama aliyezaa, akalea, na pengine akamruhusu mwanawe kwenda kwa walimu dhidi ya mapenzi ya ukoo, amebaki na neno hilo.

Vivyo hivyo wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi katika Vita ya Kwanza. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi, na bado wengi waliokufa njiani hawana jina popote. Familia yenye simulizi ya babu "aliyekwenda vitani asirudi" na iandike jina lake, kwa sababu huenda andiko hilo likawa la kwanza na la pekee.

Zaidi ya hao wako wake waliosahauliwa. Misheni nyingi hazikumbatiza mwanaume mwenye wake wengi mpaka abaki na mmoja. Kitabu cha ndoa basi kina jina la mke mmoja, na watoto wake wamo katika kitabu cha ubatizo kwa utaratibu mzuri. Na wale wengine walikwenda wapi?

Familia moja, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa, iliamua kuchora mti wa ukoo kwa ajili ya mkutano wa Krismasi. Vijana walifanya kazi nzuri. Walisoma vitabu vya usharika tangu mwanzo, wakaandika ubao mkubwa, wakautundika ukutani. Shangazi yao mkubwa aliletwa kuutazama. Aliomba asomewe majina yote, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na nyumba ya kati mmeiweka wapi?" Vijana hawakuelewa. Akawaeleza kwamba babu yake, kabla ya ubatizo, alikuwa na nyumba tatu. Siku alipokubaliwa kubatizwa, mke mkubwa ndiye aliyebaki. Wa mwisho alirudi kwao. Wa kati alipewa kipande cha shamba ng'ambo ya mto, akalea watoto wanne huko, na watoto hao walibatizwa miaka mingi baadaye, wakiwa watu wazima, kwa jina la mjomba wao.

Palikuwa na kimya. Kisha mmoja wa vijana akakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma, binti wa familia hiyo alikuwa karibu kuchumbiwa na kijana kutoka ng'ambo ya mto, na uchumba ulivunjika kwa sababu nyingine kabisa. Laiti ungeendelea, tangazo la ndoa lingesomwa kanisani mara tatu, na hakuna ambaye angesimama, kwa kuwa hakuna ambaye angejua.

Habari haikupokelewa kwa furaha na wote. Wapo waliosema jambo hilo litaliaibisha jina la babu aliyekuwa mzee wa kanisa. Wapo waliouliza, kwa sauti ya chini, kama watu wa ng'ambo ya mto sasa watadai kihamba. Hofu hizo ni za kweli na hazifai kudharauliwa. Wazee wa ukoo waliketi mara mbili. Walikubaliana kuandika kwamba mti wa ukoo ni habari ya damu na hautabadilisha mipaka iliyokwisha kuwekwa. Nakala ya makubaliano ikasainiwa na pande zote mbili. Mwaka uliofuata watu wa nyumba ya kati walialikwa. Walikuja saba. Wengine hawakuja, na hadi leo hawajaja. Lakini ubao umeandikwa upya, na jina la yule mama limo. Shangazi ndiye aliyelitaja, na baada ya miezi michache alifariki.

Katika mambo haya asihukumiwe mtu aliyekwisha kulala. Aliyebatizwa alitii alichofundishwa. Aliyefundisha alitenda kwa jinsi alivyolielewa Neno. Hata hivyo gharama ililipwa na mwanamke ambaye hakuulizwa. Usharika unaoshukuru kwa miaka 100 ya neema una deni kwake, na sehemu ndogo ya deni hilo ni kuliandika jina lake.

7. KUHIFADHI KILICHOPATIKANA

Maadui wa karatasi ni maji, moto, mchwa, panya, jua na mikono ya watu. Mambo yafuatayo yatasaidia:

(a) Karatasi na picha zikae katika sanduku lenye kifuniko, lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na moshi wa jiko. Zifungwe kwa kitambaa safi cha pamba au karatasi nyeupe. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani na kuleta ukungu.

(b) Pini na stepla ziondolewe taratibu, maana hushika kutu. Karatasi iliyochanika isibandikwe selotepu, kwa kuwa gundi yake huacha doa lisilotoka. Wala cheti cha kale kisizibwe katika plastiki kwa mashine. Kikishazibwa, hakitoki tena kikiwa salama.

(c) Nyuma ya picha yaandikwe majina, mahali na mwaka kwa kalamu ya risasi laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino hupenya hadi upande wa mbele.

(d) Hati zipigwe picha kwa simu penye mwanga wa mchana, bila taa ya kamera, ukurasa mmoja mmoja. Kila picha ipewe jina linaloeleweka.

(e) Nakala ziwe tatu, katika sehemu tatu: moja nyumbani kwenye kihamba, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na moja, kwa makubaliano, katika ofisi ya usharika. Simu hupotea na kompyuta huharibika. Kwa hiyo yale ya maana yachapishwe pia katika karatasi. Hati halisi isitupwe hata baada ya kupigwa picha.

(f) Katika daftari la ukoo, mbele ya kila habari iandikwe imetoka wapi: imesimuliwa na nani, imesomwa katika kitabu gani, au ni makisio. Makisio yakiandikwa kama ukweli, kizazi cha tatu huyaapia.

8. SIRI NA HESHIMA

Kuandika yote si kutangaza yote. Vitabu na mihtasari ya usharika ina habari za waliotengwa na Meza ya Bwana, za watoto waliozaliwa nje ya ndoa, za magonjwa na za ugomvi. Habari ya mtu aliye hai isitolewe bila ridhaa yake. Hata sheria ya nchi ya mwaka 2022 inalinda taarifa binafsi. Picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo isirushwe katika kundi la simu la ukoo, kwa maana ukurasa huo una watu wa familia nyingine pia. Habari nzito iandikwe, ifungwe katika bahasha, na wazee wakubaliane itafunguliwa lini na nani. Yule inayemhusu aelezwe kwanza, faraghani, na mtu anayempenda.

HITIMISHO

Kila jumuiya ya usharika inaombwa kufanya mambo matatu kabla ya Krismasi ijayo. Kwanza, itaje wazee wake watano walio wakongwe kuliko wote, na kila mmoja apate kijana wa kumsikiliza. Pili, kila nyumba itafute sanduku lake na kulifungua. Tatu, kila familia iandike jina la mwanamke mmoja wa zamani ambaye halimo katika kitabu chochote, pamoja na yote yanayokumbukwa juu yake, hata yakiwa mistari miwili. Karatasi hizo zitakusanywa na wazee wa kanisa na kuwekwa pamoja na kumbukumbu za jubilei hii.

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Hakuna jina lililopotea kwake. Lakini watoto watakaosherehekea miaka 200 hawataweza kuuliza mbinguni. Watafungua sanduku la usharika na kusoma kilichowekwa humo na kizazi hiki.

Mungu azibariki familia zote za usharika huu. Amina.